Kabla Hujatuma Hiyo Laki Tano ya Kruzi, Muombe Staa Namba ya Buking

Najua wengi wenu mmefungua hapa mkifuata umbea, na umbea upo, ila wa leo unagusa mifuko yenu. Tulieni kidogo.

Kuna mdada mjini, jina kubwa, ana wafuasi mpaka Muscat huko. Sitaji hata herufi ya kwanza maana mawakili wake wana njaa. Juzi kati alitupia picha: gauni jeupe, kofia pana kama ungo, nyuma yake meli nyeupe ndefu kama barabara nzima ya Ngamiani imesimamishwa baharini. Chini kaandika kruzi yangu ya kwanza, Mungu ni mwema, wenye roho mbaya mtajijua. Watu wakamwaga mioto na makopakopa. Mimi nikapita zangu. Hongera yake.

Siku chache mbele likashuka tangazo. Anaunda kikosi cha kwenda naye kruzi mwakani. Nafasi 40 tu. Kushika nafasi ni laki tano, unatuma kwa simu, jina litakalotokea ni la meneja wake, na mwisho kabisa kwa herufi ndogo kama za kwenye karatasi ya dawa: hela hairudishwi.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Maana toka siku ile inbox yangu imejaa watoto wa Tanga. Dada wa saluni wa Makorora, jamaa wa bodaboda pale stendi ya Kange, binti anauza madera kwa simu, wote swali moja: mgosi, hii kitu ni ya kweli? Mmoja kashatuma. Hela ilikuwa ya mchezo, zamu yake ilifika mwezi huo, akatuma yote. Sasa hivi akimuandikia meneja, anaona vitiki viwili vya bluu na kimya. Mwingine alikuwa anataka kukopa kwenye simu ili asikose nafasi. Kukopa! Mkopo wa simu unaanza kukusumbua ndani ya mwezi, na safari yenyewe ni mwakani.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kruzi ni uongo. Meli za kitalii zipo, watu wanapanda kila wiki duniani, na kijana wa Tanga mwenye kazi ya kueleweka anaweza kujipanga mwaka mmoja au miwili akapanda. Ninachokataa ni kumtumia pesa mtu kwa sababu ana picha. Picha si tiketi.

Tuanze na hiyo picha. Mtu aliyepanda meli ya kitalii utamjua. Siku ya kuingia anapewa kadi ya plastiki, ndiyo funguo ya chumba, ndiyo kitambulisho cha kushukia na kupandia, ndiyo anayolipia soda. Wengi wanaivaa shingoni kutwa nzima. Picha zake zitakuwa na korido nyembamba, kitanda, bafe, bwawa, bahari inaonekana kutokea juu. Mdada wetu ana picha kumi na moja, nimezihesabu, na zote kumi na moja meli iko nyuma yake. Hakuna hata moja yuko ndani. Dada, umekaa siku saba kwenye meli haukula?

Meli hizi huwa zinakuja kwetu pia. Norwegian Dawn, inayobeba zaidi ya watu 2,000, imewahi kufika Zanzibar na Dar es Salaam. Siku meli kama hiyo imetia nanga, mtu yeyote mwenye simu nzuri na rafiki wa kumpiga picha anaweza kuwa "kwenye kruzi". Kuna programu inaitwa MarineTraffic, unaandika jina la meli, inakuonyesha iko wapi muda huo. Kila meli ina jina limeandikwa ubavuni na kwenye boti zake za kuokolea. Kwenye picha za huyu mdada, sehemu ya jina imekatwa. Zote. Mimi nimeishia form four na hesabu nilipata F, ila hiyo hesabu nimeiweza.

Sasa kipimo kikubwa, hiki ndicho kimenifanya niandike. Kampuni ya meli ikipokea malipo yako ya kwanza, hata kama umepitia kwa wakala, inatoa namba ya buking. Namba hiyo unaichukua, unaingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli, unaweka jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, unaona kila kitu: jina la meli, tarehe, bandari ya kuondokea, aina ya chumba, umelipa kiasi gani, bado kiasi gani. Kwa kawaida mtu hawezi kukamilisha nafasi yako kwenye meli bila jina lako la pasipoti. Kama amechukua laki tano yako na hajakuuliza hata kama pasipoti unayo, basi jiulize kama kweli ameshika nafasi popote. Alichoshika kwa hakika ni laki tano yako.

Nafasi 40 mara laki tano ni milioni 20. Kwa picha kumi na moja.

Najua kuna watu wa timu yake wanakuja na povu: muache mtoto wa watu atafute, wivu huo, kwani wewe una nini. Sina kitu, ni kweli. Ila mtu akitafuta kwa jasho lake mimi nampigia makofi, akitafuta kwa jasho la msusi wa Makorora nitaongea. Na kama ana mkataba na wakala wa kweli, aseme tu: mimi nimelipwa kutangaza, wakala ni huyu, leseni yake ni hii. Huko kwa wenzetu mtu akilipwa kutangaza anatakiwa aandike kwamba ni tangazo. Huku kwetu unaambiwa ni baraka za Mungu.

Ila nina ugomvi na kundi jingine pia, msifurahi. Wale wajuaji wa kwenye komenti: kruzi ni ya vibabu vya Kizungu, Mswahili na meli wapi na wapi, utatapika mpaka utumbo, kajenge kwanza. Hawa wananikera zaidi, kwa sababu ndio wanaowasukuma watu kwa matapeli. Ukimuambia kijana kwamba kitu fulani si cha kwake, hatauliza maswali siku mtu mwenye miwani mikubwa atakapomuambia njoo nikupeleke.

Na kwa Tanga ndiyo aibu kabisa. Mji huu umezaliwa na meli. Meli za abiria za kampuni ya Kijerumani, Deutsche Ost-Afrika Linie, zilianza kuja pwani hii toka 1890. Enzi za Mwingereza, meli za Union-Castle zilizokuwa zinazunguka Afrika nzima kutoka London zilikuwa zinapita Tanga kabla ya Zanzibar na Dar. Zilikuwa hazifungi gati, maji ya gatini yalikuwa mafupi, zinatia nanga ndani ya ghuba huko, mizigo inashushwa na matishari. Mambo hayo ya matishari tumeishi nayo mpaka juzi tu, bandari ilipochimbwa kutoka kina cha mita 3 mpaka 13, na gati la mita 450, mradi wa shilingi bilioni 429. Sasa meli kubwa inafunga gatini kabisa. Halafu mtoto wa mji huo huo anaambiwa meli si ya kwake. Na Mpemba anayekuja Tanga na mke, watoto na magodoro, yeye anapanda nini, ungo?

Hofu ya bahari ni jambo jingine, hiyo siicheki. Usiku wa Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi, wakafa mamia. Julai 2012 ikafuata MV Skagit. Kuna nyumba Pemba, Unguja na hapa Tanga ambazo hazijapona mpaka leo. Mtu wa nyumba hizo akikuambia hapandi meli, mheshimu, usimuite mshamba. Mimi ninachosema ni kwamba hofu hiyo ikufanye uwe mkali wa maswali. Wenzetu nao waliwahi kuzama: Costa Concordia ilipiga mwamba Italia Januari 13, 2012, wakafa watu 32, na kuna abiria waliokuwa wamepanda jioni ile ile na walikuwa hawajaonyeshwa hata pa kukusanyikia. Toka hapo sheria imekaza. Zoezi la usalama linafanyika kabla meli haijaondoka, kila abiria, unaonyeshwa kituo chako na jaketi la kuokolea. Ukipanda usilikwepe kwenda kupiga picha. Na ukipanda boti yetu yoyote ya huku, uliza jaketi liko wapi kabla hujauliza chaji ya simu iko wapi.

Sasa tuje kwenye kupanga, maana kulalamika peke yake hakukusaidii.

Kitu cha kwanza si meli, ni pasipoti. Shilingi 150,000, unaomba mtandaoni Uhamiaji, unaenda kukamilisha ofisini. Kampuni nyingi za meli zinataka iwe na angalau miezi sita mbele baada ya safari kuisha. Anayekuambia "pasipoti tutashughulikia baadaye" anakufanya mtoto.

Cha pili ni viza, na hapa ndipo ndoto nyingi za kruzi za Watanzania zinafia. Kila nchi ambayo meli inagusa ina sheria yake, na pasipoti yetu si ya Mjerumani. Picha za mdada zinasema Italia na Ugiriki. Hiyo ni viza ya Schengen, euro 90 ya maombi kwa mtu mzima, ukikataliwa hairudi. Na kama meli inatoka Italia, inapita Uturuki au Tunisia, halafu inarudi Italia, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukitoka Schengen hata kwa saa sita umetoka. Watu wamezuiwa kupanda bandarini na tiketi zao mkononi kwa kosa hilo. Dubai ndivyo hivyo hivyo: meli zinaondoka pale majira ya baridi, zinazunguka nchi za Ghuba, zinarudi Dubai, na wewe unahesabiwa umeingia mara mbili. Muulize meneja wa staa: viza ya aina gani? Akikujibu "usijali mpendwa", funga simu.

Kwa hiyo kruzi ya kwanza ya kijana wa Tanga, kwa maoni yangu, ni Durban. Sikieni. Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila viza, mpaka siku 90 kwa mwaka. Msumbiji pia bila viza. Kampuni ya MSC imekuwa ikileta meli Durban majira ya joto ya kule, kuanzia Novemba mpaka Machi au Aprili hivi, na safari nyingi ni fupi, siku tatu, nne au tano, zinapanda mpaka pwani ya Msumbiji, Pomene na Kisiwa cha Wareno, mnaogelea, mnarudi. Ni fupi, ni karibu, hakuna ubalozi wa kukunyima usingizi. Kagua tena sheria za viza na chanjo kabla ya kulipa maana zinabadilika, na angalia ni meli gani imepangwa msimu unaoutaka. Najua haina jina tamu kama Ugiriki. Picha ya maji ya bluu ni ile ile, na hakuna atakayekuuliza kama ni ya Msumbiji.

Sasa bei. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, ila mkiwa wawili chumbani. Hiki kitu kimewaumiza wengi. Tuseme tangazo linasema dola 300 kwa siku nne. Ukienda peke yako, chumba kile kile unaweza kulipishwa karibu dola 600. Juu yake kuna kodi na ada za bandari, wakati mwingine haziko kwenye tangazo. Halafu bakshishi, na hii si ya hiari kama ya kwetu: meli nyingi zinakata kwa kila mtu kila siku, kwenye zile kubwa za Kimarekani ni kama dola 15 mpaka 20. Siku nne, dola 60 zimeondoka hujanunua hata maji. Chakula cha bafe na mgahawa mkuu kimo, bwawa limo, maonyesho ya usiku yamo. Soda, pombe, intaneti, masaji, na matembezi ya nchi kavu havimo. Intaneti hasa, nyie watu wa bando la chuo: baharini hakuna mnara, ukisahau simu ikashika mtandao wa meli utarudi Tanga na deni. Weka hali ya ndege toka mnaondoka bandarini.

Ongeza basi Tanga mpaka Dar, ndege ya kwenda Durban, na usiku mmoja wa hoteli kabla. Huo usiku mmoja msiukate. Usifike siku ile ile ya safari, ndege ikichelewa meli haikusubiri.

Na nikisema haisubiri simaanishi kama basi la Kange ambalo kondakta anamjua shangazi yako. Machi 2024 hiyo hiyo Norwegian Dawn iliacha abiria wanane kisiwani São Tomé. Walikwenda matembezi ya wakala wa nje, si ya meli, wakachelewa. Walipelekwa na boti mpaka ubavuni mwa meli, ikiwa bado imetia nanga, wakakataliwa kupanda. Wakakimbizana nayo nchi kwa nchi, walipofika Gambia meli ikashindwa kufunga gati, wakaingia barabarani mpaka Dakar, Senegal, ndipo wakapanda. Na hao wana pasipoti za Marekani na Australia! Wewe na ya kwetu ungekuwa bado uko São Tomé mpaka leo, umeshaoa huko. Matembezi ya meli ni ghali, ila yakichelewa meli inakusubiri au inakupeleka. Ya nje yakichelewa ni juu yako.

Chumba: cha bei nafuu ni cha ndani, hakina dirisha, ukizima taa hujui ni usiku au saa sita mchana. Kwa siku nne kinatosha, utalala tu mle. Balkoni waachie wenye fungate. Kama tumbo lako ni jepesi omba chumba cha katikati ya meli, sakafu za chini, huko meli haiyumbi sana kama mbele au juu kabisa.

Ndugu zangu Waislamu, na Tanga tupo wengi: bafe ina nguruwe, na nyama nyingine si lazima iwe ya kuchinjwa. Andika mahitaji yako wakati wa kubuki, si siku ya kufika. Samaki na mboga hazikosekani. Kibla nacho kinageuka meli ikigeuka, kuwa na programu ya dira kwenye simu. Usiku wa kuvaa rasmi wewe vaa kanzu na kofia yako ya mkono, utawafunika wote wenye tai.

Malipo ya mwisho kwa kawaida yanatakiwa siku 60 mpaka 120 kabla ya safari. Maana yake una muda wa kuweka. Wekeni watu wawili au wanne mnaoaminiana, kwenye akaunti au kikundi chenu wenyewe, daftari lionekane. Hakuna sababu ya hela yenu kulala kwenye simu ya meneja wa mtu. Na bima ya safari mnunue, matibabu ndani ya meli yanalipiwa kwa dola na hayana huruma.

Kama hujawahi kabisa kukaa chombo cha baharini, usianze na Durban. Anza hapa. Boti za Pemba zipo, Sealink ya Azam imekuwa ikipiga safari za Unguja, Pemba na Tanga, ratiba ukaulize bandarini. Mkondo wa Pemba wakati wa kusi utakupa jibu kuhusu tumbo lako bila kulipa dola hata moja, na ukienda kaskazi, bahari imelala, utaona kwamba hofu nusu ilikuwa ya kusimuliwa. Au shuka Pangani, chukua boti kwenda Maziwe, tuta la mchanga katikati ya bahari halina mti hata mmoja, maji yakijaa linafunikwa, kwa hiyo unaenda na kurudi kwa saa ya maji na si kwa saa yako. Ukishazoea kwamba bahari ndiyo inayopanga muda, umeshajifunza nusu ya kruzi. Watoto wa Raskazone mnaangalia Kisiwa cha Toten toka mmezaliwa, wangapi mmekanyaga? Mnataka Santorini.

Halafu niseme moja nje ya mada kidogo, kwa sababu huyo huyo meneja nasikia ana tangazo jingine la "kazi kwenye kruzi", ada ya usajili laki mbili. Kazi kwenye meli hizo zipo, Wafilipino, Waindonesia na Wahindi wamejaa, na vijana wetu wanaweza. Ila mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unaweza kulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti. Ada ya kuunganishwa, hapana. Anayekutoza hiyo anavunja sheria kabla hujapanda.

Ukiniuliza kinachoniuma ni nini, si hata milioni 20. Kile kiwanda cha meli cha Papenburg, Ujerumani, Meyer Werft, kilichounda Norwegian Dawn mwaka 2002, ndicho kilichounda MV Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Babu zetu na hao matajiri wamepanda vyuma vya fundi mmoja. Tumekuwa abiria zaidi ya miaka mia, halafu leo mtu anatuuzia meli kama muujiza, kwa sababu anajua tumeacha kuuliza maswali ambayo mzee yeyote wa bandarini angeuliza: chombo gani, kinatoka lini, kinatoka wapi, nahodha wa nani.

Yule dada wa mchezo nimemuambia aende polisi na ujumbe wote wa simu, asifute hata mmoja, na risiti ya muamala aipige picha. Anaona aibu. Anasema watu watamcheka, wataniita mshamba wa kruzi. Wanaomcheka hapo chini nitawafuta, nawaambia mapema. Kama na wewe umetuma, niandikie, sitaweka jina lako. Mkiwa wengi mnaenda pamoja, kesi ya watu kumi inasikilizwa tofauti na ya mmoja.

Na wewe dada mwenyewe, najua unasoma hapa, watu wako huwa wananitumia salamu. Sina ugomvi na gauni wala kofia. Weka hapo kwenye komenti vitu vitatu: jina la meli, tarehe ya kuondoka, bandari ya kuondokea. Nitavibandika juu kabisa ya ukurasa huu kama vilivyo, bila kuongeza neno, na kama namba za buking za hao watu 40 zipo, nitakuomba radhi kwa herufi kubwa. Leo ni Jumatatu. Nakupa mpaka Ijumaa baada ya swala.